Mwangaza Chini ya Ekere

Mwanafunzi akimletea kazi, Mzee wa Atelie hakuikagua mkononi. Aliipeleka hadi kwenye dirisha la upande wa ziwa, akafuta kioo kwa kiwiko, kisha akaweka ekere juu ya chuma. Ekere ni kile kipimo cha pembe mraba cha mafundi. Aliviinua vyote viwili hadi usawa wa macho, akafumba jicho moja. Uso wa chuma ukiwa umenyooka, huoni kitu kati ya chuma na ekere. Usiponyooka, unaona uzi mwembamba wa mwangaza. Baada ya hapo alisema neno moja kati ya mawili: "Unapita," au, mara chache sana, "Umefungwa." La tatu hakuwa nalo.

Nilifanya kazi naye miaka tisa katika chuo kimoja cha ufundi hapa Kamembe, mpakani na Bukavu. Yeye alifundisha kukereza chuma katika karakana, ambayo sisi huiita atelie, na ndiko alikolitoa jina. Mimi nilifundisha, na mpaka leo nafundisha, yale masomo ambayo kila mwanafunzi anayapitia kwa sababu amelazimishwa: kuandika muhtasari, kuandika ripoti, hesabu za kawaida, barua ya kuomba kazi. Wanafunzi wake walikuja kwangu mikono ina mafuta, wakaacha alama za vidole kwenye kila karatasi, nami niliwafokea kwa ajili ya alama hizo na kuwaandikisha upya. Nalisema hili mapema ili ijulikane ni nani anayesimulia. Mimi ni mtu nisiyevumilia doa kwenye karatasi, na Mzee aliumia kwa sababu hiyo.

Alikuwa mwembamba, mrefu, koti lake la buluu limefuliwa hadi likawa halina rangi. Kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa kipana kuliko vyote, na alikitumia kama wengine tunavyotumia macho. Akikupa mkono alikipitisha kidogo juu ya kiganja chako. Mara ya kwanza nilikasirika. Baadaye niligundua kwamba anafanya hivyo kwa kila mtu, kwa mkuu wa chuo na kwa mama anayeuza mandazi getini, bila yeye mwenyewe kujua.

Kila mwaka wanafunzi wapya walifika wakidhani siku ya kwanza watawasha mashine. Zilikuwepo mashine tatu za kukereza, mbili mbovu na moja nzima. Aliwasimamisha mbele ya ile nzima, akawaacha waitamani, kisha akaifunika kwa turubai. Halafu akampa kila mmoja kipande cha chuma na tupa.

"Pande sita," aliwaambia. "Zote zitoshane. Mashine itangojea."

Ilichukua wiki sita, wakati mwingine nane. Kosa walilofanya lilikuwa lile lile kila mwaka. Mwanafunzi ananyoosha upande mmoja, anapeleka dirishani, mwangaza unapita. Anarudi anasugua upande huo, anaharibu wa pili. Anarekebisha wa pili, anaharibu wa tatu. Chuma kilichoanza kikiwa cha kujaza kiganja kinaendelea kupungua. Msichana mmoja kutoka Nzahaha, mwenye hasira za karibu, alisugua chake mpaka kikabaki na ukubwa wa jino. Darasa zima lilicheka. Mzee hakucheka. Alikipeleka dirishani kama kazi nyingine yoyote, akakitazama pande zote sita.

"Unapita," alisema. Kisha akamrudishia. "Hii yote uliondoa haikuwa chuma, mutoto yangu. Ilikuwa haraka. Sasa imeisha. Kamata chuma ingine."

Kile cha pili alikileta baada ya mwezi, nacho kilifungwa pande zote sita. Nilikuwepo atelie siku hiyo, nimefuata ripoti ambazo hazikuwa zimeletwa. Msichana alilia, na Mzee akageuka akajifanya anatafuta kitambaa cha mafuta.

Ningependa kusema kwamba msichana huyo leo anakereza vyuma mahali fulani. Anauza nyanya. Huwa namwona kwenye mpaka wa Rusizi I, upande wetu wa daraja, akingoja wanawake wa Bukavu na mabeseni yao. Kile chuma chake anacho bado. Anakilaza juu ya mifuko ili upepo usiichukue, na ni kizito, kinafaa. Nilimuuliza mara moja kama aliwahi kuomba kazi. Akaniambia aliandika barua kumi na nane, zote kwa mtindo niliomfundisha. Hakusema kwa ubaya.

Mzee alinitania sana kuhusu barua hizo. Asubuhi tulikunywa chai pamoja kwenye ngazi za atelie, yeye na kikombe chake cha bati, mimi na changu cha kifuniko.

"Madame, leo umeandikisha banafunzi 'Mheshimiwa' mara ngapi?"

"Mara thelathini na moja. Kila mmoja mara moja."

"Na Mheshimiwa alishajibu?"

"Bado, Mzee."

"Atajibu," alisema, na kupuliza chai yake. "Eko anatafuta kalamu."

Tulicheka, ila ni kicheko ambacho nikikikumbuka sasa hakinipendezi. Sisi wote wawili tulijua. Kila mwaka tulifungua lango, tukawapokea, tukawapa vyeti, na wengi wao walishuka mtelemko kwenda mpakani kubeba mizigo ya watu. Mimi nilizoea. Yeye hakuzoea, na alidhani dawa ni kuwafanya wanyooshe zaidi.

Kuhusu karatasi alikuwa na maneno makali. Alisema karatasi inakubali kila kitu, chuma hakikubali. Lakini huyo huyo hakutupa hata risiti. Barua ya bwana aliyemfundisha kazi huko Bukavu, iliyofifia hadi muhuri ukawa kivuli, aliikunja ndani ya nailoni na kuiweka mfukoni upande wa moyo, na aliigusa kila mkuu mpya wa chuo alipowasili. Simu pia aliisema vibaya, kwamba inaua masikio ya vijana. Ila yake mwenyewe, ndogo ya vitufe, ilikuwa na sauti za mashine alizozirekodi miaka na miaka. Aliwakusanya wanafunzi akawawekea sikioni mmoja mmoja. "Sikia. Hapa inalia, unaikimbiza mbio. Hapa inaimba. Wacha hivyo hivyo." Kwa namna hiyo ndivyo alivyopanga mwendo wa mashine: kwa sikio, na kwa kuangalia utepe wa chuma unaokatika, rangi yake na jinsi unavyojikunja. Hesabu ya kitabu hakuitumia. Sina hakika kama aliijua.

Alikuwa mkali hadi kuchosha. Mwanafunzi aliyeacha tupa chini alifagia atelie wiki nzima. Mwanafunzi aliyefiwa, Mzee alikaa naye kwenye benchi asubuhi yote, akimkatia mkate. Adhana ya adhuhuri ikisikika kutoka mjini aliacha kila kitu, hata chuma kikiwa nusu, na aliporudi alianza kipimo upya kutoka sifuri kwa sababu, alivyosema, mkono ulishasahau.

Halafu likaja agizo. Kila mwalimu wa ufundi alitakiwa awe na dosie, jalada la maandishi kwa Kiingereza, lenye kueleza anachofundisha, kwa hatua zipi, kwa hesabu zipi. Wakaguzi wawili wangekuja kusoma na kuuliza. Asiye na dosie ya kutosha asingesimama tena mbele ya wanafunzi. Mzee hakuwa na diploma. Alikuwa na ile barua ya nailoni na Kifaransa cha vipuri.

Alikuja darasani kwangu baada ya masomo, akiwa amebeba mfuko wa mchele. Ndani mlikuwa na madaftari kumi na moja.

"Madame, mambo ya kuandika njo kazi yako," alisema. "Miye niliandikaka yangu hivi. Angalia kama inaweza saidia."

Yalikuwa madaftari ya shule, ya mistari, na kila ukurasa umechorwa. Hapakuwa na sentensi. Alikuwa amechora mkono unavyoshika tupa, na mkono usivyopaswa kuishika. Alikuwa amechora tepe za chuma, moja baada ya nyingine, ndefu, fupi, zilizojikunja, zilizovunjika, na kando ya kila moja amebandika utepe wenyewe kwa gundi. Kando ya jina la kila mwanafunzi alikuwa amechora mchemraba wenye pande sita, na upande uliofungwa ameupaka wino. Miaka yote ilikuwamo humo. Na kila ukurasa ulikuwa na mafuta, alama za kile kidole gumba, maduara ya kikombe cha chai.

Niliyatazama jioni nzima. Nilijua kuwa ni kitu kikubwa. Nasema ukweli, nilijua. Lakini nilifikiria wakaguzi wakifungua kurasa hizo zenye mafuta na nikaona aibu, kana kwamba ni mimi niliyezichafua. Nikayafungia kabatini kwangu. Nikachukua kitabu cha ukerezaji kutoka maktaba, nikaandika dosie mwenyewe, kurasa arobaini, safi, vichwa vya habari vimepigiwa mstari. Niliweka hatua zote kama kitabu kinavyozipanga. Niliweka hesabu ya mwendo wa mashine, kanuni na mifano mitatu. Kwenye jalada nikaandika jina lake.

Nilimsomea, nikitafsiri kwa Kiswahili. Alisikiliza mikono iko magotini.

"Ni mazuri," alisema. "Huyu muntu wa hii karatasi, anajua kazi."

Nilidhani ananitania, nikacheka. Yeye hakucheka, akachukua dosie kwa mikono miwili, akiishika pembeni ili asiitie alama.

Wakaguzi walifika asubuhi ya mvua. Walikuwa watu wa adabu, sina la kuwasingizia. Walizunguka atelie, wakasifu usafi, wakakaa kwenye viti tulivyowaletea kutoka ofisini. Mimi nilisimama kando kutafsiri, kwa kuwa Kiswahili hawakukijua. Mmoja alifungua dosie, akasema imeandikwa vizuri kuliko zote alizoziona wiki hiyo, nami, Mungu anisamehe, nikajisikia fahari. Kisha akaufikia ukurasa wa hesabu. Akamwomba Mzee aende ubaoni awaonyeshe anavyowafundisha wanafunzi kukokotoa mwendo wa mashine, kama alivyoandika hapa.

Nikatafsiri. Mzee alikwenda ubaoni, akachukua chaki. Alisimama pale muda mrefu. Wanafunzi wake walikuwa wamejipanga ukutani. Kisha akairudisha chaki mahali pake, akajipangusa vidole kwenye koti, akanigeukia mimi, si wao.

"Ubaambie hii sikuiandikaka miye."

Kabati langu lilikuwa mlango wa tatu kutoka hapo. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Ningeweza kusema: nimeandika mimi, subirini dakika moja, niwaletee ya kwake. Nilifikiria kazi yangu. Nilifikiria mwalimu wa kuandika anayemwandikia mwenzake dosie ya uongo ataulizwa nini. Na nikatafsiri hivi: "Anasema amesahau kidogo, kwa sababu ya umri."

Wakaguzi walitazamana. Mzee hakujua Kiingereza, ila alinitazama mdomoni nilipokuwa nasema, na aliona kwamba sentensi yangu ilikuwa ndefu kuliko yake.

Uamuzi ulikuja kwa barua. Asifundishe tena, apewe funguo za stoo. Zilitolewa siku kumi na nne za kukata rufaa, na nikamwahidi Mzee kwamba nitaiandika mimi. Usiku wa kwanza niliandika kurasa nne. Nilieleza kila kitu: dosie ni ya nani, madaftari yako wapi, nilitafsiri nini. Kesho yake niliisoma nikaona sentensi moja haikai vizuri, nikaiandika upya, na katika kuiandika upya nikaondoa mambo mawili ambayo niliona hayana lazima. Siku ya tatu nikaona ukurasa wa pili una maneno makali. Siku ya tano nikapunguza sehemu ya tafsiri. Nilikuwa naipeleka kila asubuhi dirishani mwa akili yangu na kila asubuhi mwangaza unapita. Siku ya kumi na nne nilipeleka nusu ukurasa, safi, isiyo na kosa hata la nukta, iliyoomba kwa heshima uamuzi ufikiriwe tena kwa kuzingatia utumishi wake wa muda mrefu. Mimi simo ndani ya barua hiyo. Madaftari hayamo. Ilijibiwa kwa mistari miwili.

Alikaa stoo mwaka mmoja na nusu. Mwalimu mpya alikuwa kijana mwema mwenye diploma, aliyefundisha kwa picha za ukutani. Ile mashine nzima iliharibika mkanda, ikasubiri mkanda, ikaendelea kusubiri. Turubai lilijaa vumbi. Mzee aliwapa wanafunzi tupa asubuhi na kuzipokea mchana, akazihesabu, akazipangusa moja moja. Hakuna aliyemletea chuma akitazame, na yeye hakumwomba mtu. Chai tuliendelea kunywa pamoja. Alinitania bado, kidogo. Mara moja tu aliuliza.

"Madame, madaftari yangu iko wapi?"

"Yako salama, Mzee. Kabatini."

"Sawa," alisema. "Wacha ilale."

Kisha macho yakaanza kuingia ukungu, na siku moja akampa mkuu wa chuo mtungo wa funguo bila sherehe yoyote. Alihamia Nyakarenzo kwa binti yake. Niliahidi kumtembelea mwezi huo. Nilikwenda baada ya miaka miwili.

Nilikwenda asubuhi ya Jumamosi, na mfuko wa mchele mkononi, ule ule, na madaftari yote kumi na moja. Binti yake alinielekeza nyuma ya nyumba, akarudi kwenye maharage yake. Nilisikia tupa kabla sijamwona. Alikuwa ameketi kwenye benchi chini ya paa, na jiliwa kuukuu imepigiliwa mbele yake, chuma kimebanwa ndani. Macho yake yalikuwa meupe. Koti ni lile lile.

"Ni nani?"

"Ni miye, Mzee. Madame wa kuandika."

Alinyoosha mkono, na kidole gumba kikapita juu ya kiganja changu. "Ee. Ni weye."

Nilimwekea mfuko magotini. Aliingiza mkono, akapapasa jalada la daftari moja, akalifungua katikati, akagusa utepe wa chuma uliobandikwa. Ulikuwa umeshika kutu, ukavunjika. Akaufunga mfuko akauweka chini ya benchi, karibu na jembe.

"Ulikuya nayo," alisema. "Aksanti."

Nilikuwa nimejiandaa kusema. Njia nzima kutoka Kamembe nilikuwa naipanga sentensi ya kwanza. Lakini yeye alikuwa ameshafungua jiliwa, ametoa kile chuma, akakipuliza. Kilikuwa mchemraba. Nilipokiona vizuri niliona kwamba ni kidogo sana, kinaingia kati ya vidole viwili, na chini ya benchi vumbi la chuma lilikuwa limejaa kopo zima.

"Hii niliianza ingali kubwa," alisema. "Sasa miye sione tena. Binti yangu namuuliza, anasema tu ndiyo, ndiyo, juu anataka nikuye kula. Weye ulisomaka. Niangaliliye mwangaza."

Akanipa chuma na ekere. Nikasimama, nikavielekeza mbinguni, nikafumba jicho moja kama nilivyomwona akifanya miaka ile ya atelie. Mwangaza ulipita. Ulikuwa wazi kama mlango usiofungwa vizuri, ungeweza kuingiza ukucha. Niligeuza upande wa pili, ukapita. Nikageuza wa tatu.

Alikuwa amenyanyua uso, anangoja. Mikono yake ilikuwa imetulia juu ya magoti kama siku ile niliyomsomea dosie.

"Umefungwa, Mzee," nilisema. "Pande zote."

Alikichukua chuma. Akakipitishia kidole gumba ukingoni, polepole, upande mmoja, wa pili, wa tatu, mpaka wa sita. Kisha akakishika tu kwenye ngumi.

"Na hii pia, Madame," alisema, "ni weye uliniandikia."

Hakusema kwa hasira. Alikibana tena chuma kwenye jiliwa, akapapasa benchi hadi akaipata tupa, akaanza upya na upande wa kwanza.